P0011 si jina la spea

Dhana inayowamalizia pesa wenye magari hapa Mombasa ni hii: taa ya injini imewaka, mashine ya kupimia makosa imesoma P0011, basi valvu ya VVT (mfumo unaobadili wakati wa kufunguka kwa valvu za injini) imekufa na inunuliwe nyingine. Si kweli. Kodi hiyo, yaani namba ya kosa, inasema tu kwamba kamshafti, ile shafti inayofungua valvu za injini, haikukaa pale kompyuta ilipotaka ikae. Sababu yake mashine haiijui. Kuitafuta ni kazi ya fundi.

Tuchukue injini ya 1NZ-FE, iliyomo kwenye Probox na Fielder nyingi zinazopakia mizigo Kongowea. Mbele ya kamshafti ya upande wa kuingiza hewa pana gia yenye vyumba ndani yake. Valvu ndogo ya umeme, ndiyo hiyo ya VVT, hupeleka oili chumba hiki au kile, gia ikageuka kidogo, na valvu za injini zikafunguka mapema au zikachelewa. Anayesukuma yote hayo ni oili. Kwa hiyo kipimo cha kwanza hakigharimu kitu: chomoa dipstiki utazame kiwango na hali ya oili. Ikiwa imepungua au imekuwa tope, hata valvu mpya itashindwa vilevile.

Hapo mwenye gari hujibu, “Mbona sijafikisha kilomita 5,000 tangu sevisi?” Kilomita hazihesabu foleni. Gari likingoja feri Likoni huku injini inanguruma na AC inavuta, oili inachoka na namba za dashibodi hazisogei. Teksi za mjini ndizo zinazoumia zaidi. Gari la kazi hiyo lihesabiwe na miezi, si kilomita peke yake.

Kuna na hii ya joto la Pwani: eti huku lazima oili nzito, 20W-50, kwa sababu jua ni kali. Injini ikishapata moto, thamostati huliweka joto lake karibu palepale, gari liwe Bamburi au Limuru. Oili inayofaa ni iliyoandikwa kwenye kitabu cha gari, na injini nyingi za Japani za aina hii zimeandikiwa 5W-30 au nyepesi zaidi. Njia za oili za VVT ni nyembamba. Oili nzito huchelewa kupita, hasa asubuhi, na kompyuta huona gia inajikokota.

Oili ikiwa safi na ya kutosha, sasa ipimwe valvu yenyewe. Zima gari, chomoa soketi, weka mita kwenye pini mbili za valvu. Kwenye 1NZ-FE iliyopoa hutakiwa kusoma kati ya omu 6.9 na 7.9 hivi. Kisha washa injini, iache ipate moto bila kukanyaga mafuta, uipe valvu volti 12 moja kwa moja kutoka betri, kwa muda mfupi tu isije ikaungua. Injini ikitetemeka au ikizima, furahi: valvu inasogea, oili inafika, gia inageuka. Isipobadilika hata kidogo, kitu kimekwama. Fungua valvu uipe umeme ikiwa mkononi, uone kama kijiti cha ndani kinaruka. Usisahau kichujio kidogo cha wavu kwenye njia ya oili inayokwenda kwenye valvu hiyo. Mafundi wengi wanakiruka, na mara nyingine tatizo lote limekaa pale, uchafu umeziba matundu.

P0010 ni habari nyingine: hiyo ni ya umeme wa valvu hiyo. Kwa hewa yetu ya chumvi, kagua soketi kwanza. Pini zikiwa na kutu ya kijani, zisafishe kabla ya kulaumu chochote.

Wapo wanaoshauri soketi ichomolewe na gari liendelee tu, kwa vile linatembea. Litatembea, kamshafti ikiwa imebaki kwenye nafasi yake ya kuchelewa. Lakini litakunywa mafuta zaidi, litachoka kwenye mlima wa Mazeras, na taa ikikaa imewaka siku zote hutajua kosa jipya likiingia. Kufuta kodi kabla ya kusoma kumbukumbu zake nako ni kupoteza ushahidi, kwani kompyuta huhifadhi joto na mzunguko wa injini wakati kosa lilipotokea. Kuchomoa betri kunaweza kufuta hayo pia.

Kelele ya kukwaruza ya sekunde chache gari likiwashwa asubuhi huhukumiwa cheni inayozungusha kamshafti. Huenda ikawa pini inayofunga gia imelika. Ya cheni iliyolegea mara nyingi haikomi upesi hivyo. Ila ukipata P0016, kamshafti na krenkishafti (shafti kuu inayozungushwa na pistoni) hazipatani: cheni huenda imeruka jino. Usiliendeshe tena mpaka mkao wake ukaguliwe.

Baada ya matengenezo, taa kuzimika hakutoshi. Fundi aende nawe barabarani, mashine ikiwa imeunganishwa, mkapande mlima huku mkitazama pembe inayotakiwa na pembe halisi ya kamshafti. Zifuatane. Zikifuatana injini ikiwa baridi kisha zikaachana oili ikipata moto, ipimwe presha ya oili kwa geji kabla ya kununua spea yoyote.