Seva ya Pili Si Nakala ya Akiba

Mafundi wa kompyuta hapa Nairobi huambiana: “Panga diski upya bila wasiwasi, data yote iko pia kwenye seva ya Mombasa Road.” Hapana. Seva inayorudufisha huiga kila badiliko, hata kosa: ukifuta faili kwenye seva ya Upper Hill, linafutika na kule Mombasa Road, mara nyingi ndani ya sekunde chache. Kinachookoa ni nakala ya akiba ya kabla ya kosa, iliyotengwa, ambayo mmeshajaribu kuirejesha mkaona inafunguka. Kujaribu huko ndiko kunakopuuzwa, nami naona ndiko muhimu kuliko yote. Kisha simamisha urudufishaji, ndipo uguse diski. Kwenye RAID 5 (safu ya diski kadhaa zinazofanya kazi kama moja na kustahimili kupotea kwa diski moja tu), badilisha diski moja tu na usubiri ijengeke upya kabisa. Ukichomoa ya pili mapema, safu nzima inaanguka.