Mguu Usiouma Ndio wa Kuangaliwa

Mtu mwenye kisukari akija na kidonda kwenye unyayo, mimi humuuliza kwanza kilianza lini. Wengi hawajui. Mmoja ameona damu kwenye soksi, mwingine ndugu zake ndio waliosikia harufu. Huo si uzembe. Sukari ikikaa juu kwa miaka huharibu mishipa ya fahamu ya miguu, hata mtu akatembea kutwa na kijiwe ndani ya kiatu asijue.

Daktari wa upasuaji Paul Brand aliyaona haya kwa wagonjwa wa ukoma huko Vellore, India. Wakati huo iliaminika kwamba ukoma wenyewe huozesha nyama. Yeye akaonyesha kwamba kilichopotea ni maumivu: mguu uliokufa ganzi huendelea kukanyagiwa palepale palipoumia. Mbinu alizotumia kuwatibu ndizo zilizokuja kuwafaa wagonjwa wa kisukari.

Kwa hiyo watafiti wanaotaka kugundua kidonda mapema wanatafuta kitu cha kufanya kazi ya maumivu. Kilichochunguzwa sana ni joto. Kabla ngozi haijachanika, sehemu inayoelemewa huwa imeshaanza kupata moto kwa ndani. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2007, wagonjwa walipima kila siku joto la sehemu zilezile za nyayo zote mbili. Tofauti ikizidi nyuzi 2.2 za Selsiasi, walipunguza kutembea na kumpigia muuguzi. Katika miezi 15, asilimia 8.5 yao walipata kidonda. Kwa waliojikagua kwa macho tu ilikuwa karibu asilimia 30. Utafiti wa baadaye wa Uholanzi haukuona pengo kubwa hivyo, ila walionufaika walikuwa wale waliopunguza kutembea kweli baada ya joto kupanda. Kwangu mimi hilo ndilo la kushika: kipimo peke yake hakiponyi.

Kipo pia kipimo kisichohitaji kifaa, kilichobuniwa Ipswich, Uingereza. Fumba macho, ndugu yako akuguse kwa ncha ya kidole, taratibu, kwa sekunde moja au mbili, kwenye ncha ya kidole gumba, cha kati na cha mwisho cha kila mguu. Asisukume wala asipapase. Kati ya miguso sita, ukikosa kuhisi miwili au zaidi, hisia zimepungua; nenda kliniki ukakaguliwe.

Kidonda kikishatokea chini ya unyayo, dawa ya kukipaka haitoshi kama bado unakikanyaga. Mwaka 2001 watafiti wa Marekani walilinganisha plasta ngumu isiyovuliwa (kama ile ya mfupa uliovunjika) na buti maalumu la kuvaa na kuvua. Baada ya wiki 12, takriban wagonjwa 9 kati ya 10 wa plasta walikuwa wamepona; wa buti, asilimia 65. Buti lile hupunguza mgandamizo vizuri tu. Tatizo lilijulikana miaka miwili baadaye, wagonjwa wenye buti kama hilo walipofungiwa vihesabu hatua: buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya hatua zao. Naelewa kwa nini. Mtu anaamka usiku kwenda chooni, mguu haumuumi, buti liko mbali. Ni hatua chache, lakini nyama changa inasagika.

Plasta hiyo haifai kila mtu. Mguu usiopata damu ya kutosha unahitaji kwanza kuangaliwa mishipa, pengine kuzibuliwa. Mguu wenye maambukizi makali (wekundu unaoenea, usaha, homa) ni wa kupelekwa hospitali siku hiyohiyo. Kidonda kisicho na maambukizi, kwa upande mwingine, hakiponeshwi na antibiotiki, na inasikitisha kuona mgonjwa amezimeza kwa wiki kadhaa huku akitembea juu ya kidonda.

Hata kikifunga, kazi haijaisha. Takriban wagonjwa 4 kati ya 10 hupata kidonda tena ndani ya mwaka mmoja, kwa sababu ganzi ipo palepale na sugu huota upya. Ndiyo maana aliyepona hupangiwa kurudi kila baada ya mwezi mmoja hadi mitatu, akiwa na viatu anavyovaa kila siku ili navyo vikaguliwe kwa ndani.