Dirii ya Augustus na vita visivyopiganwa

Wageni wengi wakifika mbele ya sanamu ya Augustus, kaisari wa kwanza wa Roma, iitwayo Augustus wa Prima Porta, katika Makumbusho ya Vatikani, huutazama mkono ulioinuliwa kama wa jemadari anayehutubia askari, kisha hupita. Mimi nimebobea katika sanaa ya Roma ya kale, na ombi langu ni moja: tazameni kifua.

Sanamu hii ya marumaru, yenye kimo cha zaidi ya mita 2, ilifukuliwa mwaka 1863 kwenye magofu ya jumba la Livia, mke wa Augustus, kaskazini mwa Roma. Katikati ya dirii, yaani vazi la vita linalokinga kifua, Mparthi, mtu wa dola ya Uajemi iliyokuwa hasimu wa Roma, anamkabidhi Mrumi nembo ya jeshi yenye tai. Nembo kama hizo zilitekwa na Waparthi katika vita vya Carrhae mwaka 53 KK, jemadari Mrumi Crassus alipouawa pamoja na maelfu ya askari wake, na kwa Warumi hiyo ilikuwa fedheha ya taifa zima. Augustus alizirejesha mikononi mwa Warumi mwaka 20 KK bila kupigana. Alijadiliana na mfalme wa Waparthi, huku jeshi likisogezwa karibu ili maneno yapate uzito, halafu akayatangaza mapatano hayo kuwa ushindi. Mchongaji naye akauita ulimwengu mzima kushuhudia: juu Anga ametandaza shuka lake, Jua anapita na gari lake la farasi, na chini Ardhi amejilaza na watoto wachanga wawili. Kwa macho yangu, hakuna propaganda ya kale iliyochongwa kwa ustadi kuliko hii.

Uso nao una siasa yake. Augustus alifariki mwaka 14 BK akiwa na miaka 75, lakini katika sanamu zake hakuzeeka kamwe. Miguu iko peku, kama ya mashujaa na miungu. Pembeni Cupid, mtoto wa Venus mungu wa kike wa mapenzi, amempanda pomboo, kwa kuwa ukoo wa Julius, ambao ndio wa Augustus, ulidai kutokana na Venus. (Weupe tunaousifu leo haukuwapo: mabaki ya rangi yanaonyesha kwamba sanamu ilipakwa nyekundu na buluu.)

Ninapoifundisha dirii hii, huambatanisha kila mara kichwa cha shaba cha Augustus kilichofukuliwa mwaka 1910 huko Meroe, Sudan. Katika miaka ya 20 KK Wakushi, watu wa ufalme uliokuwa na makao Meroe, walivamia mpaka wa kusini wa Misri ya Kirumi, wakateka sanamu za kaisari. Kichwa hiki walikizika chini ya ngazi za hekalu, na inaelekea walikusudia kila apandaye amkanyage.