Msitu wa Mjerumani ulipandwa, jamani

Yaani mtu akiniambia tena kwamba kwa Wajerumani kutunza mazingira kuko kwenye damu, "we angalia misitu yao ya asili", ntahama chumba. Asili ipi? Kufikia karne ya 18 sehemu kubwa ilishakatwa kwa kuni na mbao au imelishwa mifugo mpaka ikachoka. Von Carlowitz, anayetajwa kama mtume wa mazingira, alikuwa bosi wa migodi kule Saxony, mashariki mwa Ujerumani, na kitabu chake cha 1713 kinalilia kuni za kuyeyushia madini. Baadaye ndo ikapandwa Fichte kwa wingi, mti jamii ya msonobari unaokua haraka na kunyooka, mstari kwa mstari, umri mmoja, hata maeneo ya chini ambayo kiasili ni ya miti ya majani mapana. Ndo hiyo iliyokauka milima ya Harz ukame ulipoanza 2018 na mbawakawa wa magome wakamalizia.

Na ukishaanza mambo ya damu, ujue nani mwingine aliyapenda: sheria yao ya kwanza ya nchi nzima ya kuhifadhi maumbile ni ya 1935, chini ya Hitler.

Ila kinachoniudhi zaidi ni michoro ya Caspar David Friedrich, mchoraji wa Kijerumani wa enzi za Napoleon, kuletwa kama ushahidi, utadhani ni picha za setilaiti. Chukua ule wa 1814, askari wa Kifaransa yuko peke yake kwenye theluji, mbele yake msitu mweusi. Watu wanaona msitu wa mababu unammeza mvamizi, na kweli ndo ujumbe, Napoleon alikuwa katoka kuchapwa. Sasa shusha macho kidogo: kunguru kakaa kwenye kisiki. Kisiki! Mwenye shoka alishapita hapo kabla ya huyo askari.

Haya, miaka ya 80 ikaja hofu ya misitu kufa kwa mvua ya asidi, 1983 chama cha Kijani, cha watetezi wa mazingira, kikaingia bungeni kwa asilimia 5.6, na mwaka huohuo mitambo mikubwa ya umeme ikabanwa kuhusu salfa ya moshi wake, inayoleta mvua hiyo. Misitu haikufa kama ilivyotabiriwa na mpaka leo watu wanabishana kama ni sheria iliiokoa au hofu ilikuzwa. Sisi tunaofundisha utamaduni tunapenda kusema michoro ya Friedrich na ngano za misituni walizokusanya ndugu wawili akina Grimm ndo ziliandaa mioyo ya watu kuipenda misitu. Nafundisha hivyo, ila mwanafunzi mbishi akinibana, siwezi kumthibitishia kwamba hizo kura zilitoka kwenye ngano, maana aliyekuwa anavuta moshi wa makaa kila asubuhi hakuhitaji ngano yoyote.