Kochi na sofa: kitu kimoja, majina mawili

Nenda kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, uulizie makochi. Mwenzako aulizie sofa. Mtaonyeshwa kitu kilekile: fremu ya mbao, springi au mikanda ya mpira, sponji juu yake, kisha kitambaa. Kochi ni kiti kipana cha sebuleni chenye mgongo, mikono na sponji, cha mtu mmoja au zaidi. Sofa ni hichohicho.

Majina ndiyo yametoka mbali. Kochi tumelipata kwa Waingereza, nao walilitoa Ufaransa, kwenye kitenzi chenye maana ya kulala. Sofa asili yake ni Kiarabu, suffa, likapita Uturuki na kuzunguka Ulaya kabla ya kutufikia. Waliosoma sira, yaani historia ya maisha ya Mtume Muhammad, wanawajua Ahlu Suffa, masahaba mafukara waliokaa kwenye kipenu cha msikiti wa Mtume, Madina. Suffa ya namna nyingine ilikuwa ukumbi ulioinuliwa wa kukalia. Yaani sofa, pamoja na maringo yake yote, ina undugu zaidi na baraza zetu za mawe kuliko na kiti.

Kisarufi hayafanani. Kochi limeingia ngeli ya LI-YA: kochi limebonyea, makochi yamebonyea. Sofa imekaa I-ZI: sofa hii, sofa hizi. Masofa nayo husikika kila siku, na mimi sioni sababu ya kumsahihisha mtu. (Kocha, yule wa mpira, hana uhusiano wowote.)

Kwa matumizi, masikio yangu yanasikia hivi. Makochi ni neno la nyumbani. Mama akikuta mtoto kajinyoosha na viatu, atafoka "Shusha miguu kwenye makochi!" Vile vitambaa vyeupe vya kufuma vinavyotandazwa mgongoni na mikononi, vinavyoteleza kila mtu akiinuka, ni vitambaa vya makochi. Sofa ni neno la tangazo na la duka: sofa ya kisasa, sofa ya L. Kochi la L silisikii sana, ingawa fundi atakuelewa. Wapo pia wanaoyatenganisha kabisa: kwao makochi ni yale ya zamani, mbao zikiwa wazi na mito ya kutoa na kufua, na sofa ni ile iliyovishwa kitambaa mpaka chini. Kwa maoni yangu hapo wanatofautisha mitindo, si vitu.

Kenya utasikia sana sofa seti, au viti tu. Mtu aliyehamia nyumba mpya akikwambia bado hajanunua viti, usidhani anakula amesimama. Ana viti vya plastiki, anachosubiri ni sofa.

Na mgeni akibisha, popote pale, hayo yote huwekwa kando. Hata sebule ikiwa imejaa sofa za ngozi, mwenyeji husema, "Karibu kiti."