Je, wajua kwa nini mtupaji hodari kuliko wote chuoni anaweza asifike NBA, ligi kuu ya kikapu ya Marekani?

Machi 21, 2019, kijana wa chuo kidogo cha Wofford, huko South Carolina nchini Marekani, alifunga mitupo saba ya pointi tatu dhidi ya Seton Hall kwenye mashindano ya kitaifa ya vyuo. Jina lake Fletcher Magee. Mitupo hiyo saba ilimfikisha 509 kwa miaka yake minne, na hapo akawa amempita kila mtu aliyewahi kucheza kikapu daraja la kwanza la vyuo vya Marekani.

Mimi nilikuwa kijiweni, naangalia vipande vya mechi kwenye simu. Nikamwambia binamu yangu kwamba huyu lazima tumwone NBA msimu ujao, na nikaweka rehani sahani ya chipsi mayai. Binamu amecheza kikapu kuliko mimi. Aliuliza swali moja tu: "Na yeye atamkaba nani?" Nikaona anakwepa hoja. Tunazungumzia kufunga, yeye analeta habari za kukaba!

Juni ilipofika, siku timu za NBA zinapochagua wachezaji wapya, majina yakasomwa, la Magee halikuwemo. Kibaya zaidi kwa upande wangu, nilipokwenda kuangalia aliyeshikilia rekodi hiyo kabla yake nikamkuta Travis Bader wa Oakland ya Michigan, aliyemaliza mwaka 2014 na mitupo 504. Naye hakuchaguliwa. Baada ya Magee akaja Antoine Davis wa Detroit Mercy, akaipandisha rekodi hadi 588 mwaka 2023. Naye pia hakuchaguliwa. Watu watatu wamepokezana kijiti cha utupaji bora katika historia ya vyuo, na hakuna hata mmoja aliyecheza mechi ya ligi ya NBA.

Tupite haraka kwenye hesabu ya nafasi. NBA ina timu 30. Kila timu ina nafasi 15 za mikataba ya kawaida, na tangu msimu wa 2023–24 kuna tatu zaidi za wale wanaokwenda na kurudi kati ya timu kubwa na ligi ya chini yake. Jumla ni watu 540 kwa dunia nzima, na wengi wao wana mikataba tayari. Wapya wengi huingia kupitia drafti ya kila mwaka, yaani timu kuchagua wachezaji kwa zamu (si ile ya vizibo vya soda barazani), ambapo majina hayazidi 60. Upande wa pili, vyuo vya daraja la kwanza peke yake ni zaidi ya 350. NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kimekuwa kikikadiria kwamba kati ya wachezaji waliofikia hatua ya kuchaguliwa, wanaochaguliwa kweli ni takriban 1.2%. Na hapo ni kuitwa jina tu, kucheza ni habari nyingine. Makadirio hayo hayamtenganishi mtupaji na mrukaji, kwa hiyo ukimsikia mtu anakutajia asilimia kamili ya "walenga shabaha", ujue ameipika mwenyewe.

Sasa nije kwenye kosa langu, maana nililishikilia muda mrefu na nimewasikia wengi nalo. Nilisema: tatizo ni mstari. Mstari wa pointi tatu, ule ambao mtupo wa nyuma yake huhesabiwa tatu badala ya mbili, NBA uko mbali zaidi, na mpira wa kijana wa chuo haufiki.

Hoja hii inapendeza kwa sababu namba zake ni za kweli. Magee alipokuwa chuoni, mstari wa vyuo ulikuwa mita 6.32 kutoka kwenye ringi. Wa NBA ni mita 7.24. Tofauti ni sentimita 92, hatua moja ndefu ya mtu mzima. Ukiishia hapo unaona kesi imekwisha.

Lakini mstari ni rangi tu sakafuni. Haumzuii mtu kurusha kutoka nyuma yake, na watupaji wa aina ya Magee hufanya hivyo kila siku, kwa kuwa mkabaji akikusogelea unarudi nyuma. Umbali wa NBA si mgeni kwao. Halafu msimu wa 2019–20 vyuo vikausogeza mstari hadi mita 6.75, na ile tofauti ya sentimita 92 ikabaki 49. Davis alicheza misimu yake minne kati ya mitano kwenye mstari huo mpya, akaipita rekodi ya Magee kwa mitupo 79, na simu haikuita. Kama ugonjwa ulikuwa mstari, dawa ilishatolewa na mgonjwa hakupona.

Kuna jambo jingine lililonifurahisha nilipoligundua. Mstari wa NBA wenyewe hauko mita 7.24 kila mahali. Uwanja una upana wa mita 15.24. Ungeuchora mstari kwa umbali huo hadi kwenye kona, kila upande zingebaki sentimita 38 tu kabla ya mstari wa nje. Weka miguu hapo, mtu wa mita mbili, mwenye viatu vya saizi yake, halafu umwambie aruke. Ndiyo maana kwenye kona mstari umenyooshwa na kuletwa hadi mita 6.70, karibu kuliko tao la vyuo la sasa. Mtupaji aliyezoea kurusha kutoka kwenye tao hilo la chuo, akikaa kona ya NBA hana hata sentimita moja ya ziada ya kuilaumu.

Mstari basi tuuache. Siku mbili baada ya kuvunja rekodi, Magee alikutana na Kentucky mjini Jacksonville. Alitupa mitupo 12 ya pointi tatu. Yote ikakosa. Wofford wakafungwa 62 kwa 56.

Nilisema ni bahati mbaya, na inaweza kuwa kweli kiasi, mechi moja haimhukumu mtu. Ila jaribu hesabu ndogo. Mtu anayefunga takriban 43% ya mitupo yake, kama Magee, uwezekano wa kukosa 12 mfululizo ni kama mara moja kwa kila 850. Ukidhani siku ile uwezo wake ulishuka hadi 25% kwa sababu ya kukimbizwa na watu warefu, inakuwa mara moja kwa kila 32. Zote mbili ni nadra, lakini hii ya pili unaweza kuiona kwa macho yako. Kentucky ni chuo kinachosajili watu wa kwenda NBA, na mmoja wa waliokuwa wakimfukuza Magee, Tyler Herro, alichaguliwa wa 13 miezi mitatu baadaye. Asilimia ya chuoni ni asilimia ya mitupo uliyopewa nafasi ya kuitupa. Ukipandishwa daraja unabaki na mkono wako uleule, ila ile nusu sekunde ya kukaa sawa kabla ya kurusha inakatwa.

Hata hivyo wapo wanaorusha haraka vya kutosha na bado hawakai. Hapa ndipo swali la binamu linaporudi.

Fikiria chandarua. Kina nyuzi nzima sentimita zote, isipokuwa tundu moja ukubwa wa kidole karibu na miguu. Huwezi kusema kimefanya kazi kwa 99%. Usiku mmoja tu mbu wote watakuwa wamepita pale pale, kwa sababu mbu hagawi majaribio yake sawasawa kwenye chandarua kizima. Anazunguka mpaka apate njia.

Ukabaji wa kikapu uko hivyohivyo, na wa NBA kuliko mwingine wowote. Wapo watano wanaokaba. Mwenye mpira hamtaki yule mkabaji bora aliyesimama mbele yake, anamtaka dhaifu. Basi anamwita mwenzake anayekabwa na huyo dhaifu aje amwekee skrini, yaani asimame kama nguzo kwenye njia ya mkabaji. Mkabaji bora anagonga nguzo, na wakabaji wawili wanalazimika kubadilishana watu. Ndani ya sekunde tatu, aliyekuwa amejificha kwenye kona ya mbali anajikuta uso kwa uso na mchezaji hatari kuliko wote uwanjani. Ikishindikana mara ya kwanza wanarudia. Hakuna mahali pa kumficha.

Chuoni unaweza kumficha. Baadhi ya timu hukaba kanda, kila mtu na eneo lake, na wapinzani wenye uwezo wa kumpasua mtu peke yake ni wachache. Wofford haikukutana na nyota wa kiwango hicho kila wiki. Kwenye NBA kila timu inao angalau wawili, na usiku wa mechi wameshaangalia video. Tundu limewekewa alama.

Tuweke namba za kijiweni, za mfano tu. Mtupaji anafunga 40% ya mitupo sita kwa mechi. Kila mtupo una thamani ya pointi 1.2, jumla 7.2. Mitupo hiyo sita angepewa mchezaji wa kawaida wa pointi 1.1, zingepatikana 6.6. Mtupaji ameleta faida ya pointi 0.6. Upande wa pili, wapinzani wamemtafuta mara kumi, na kila mara wakapata 1.2 badala ya 1.1. Hasara ni pointi moja. Fundi wa kufunga anaiacha timu yake nyuma kwa pointi 0.4, na watazamaji wanampigia makofi mechi nzima.

Hesabu hii inamwonea kidogo, lazima nikiri. Mtupaji wa kweli ana faida isiyoandikwa kwenye ubao: mkabaji wake hathubutu kumwacha, kwa hiyo njia ya katikati inafunguka kwa wenzake hata kama yeye hagusi mpira. Kupima faida hiyo ni kugumu, na makocha hubishana juu yake. Ndiyo maana jibu si "watupaji hawafiki". Wanafika wale ambao tundu lao ni dogo kuliko faida yao.

JJ Redick wa Duke alikuwa ameshikilia rekodi hiyohiyo kabla ya Bader, kwa mitupo 457. Alichaguliwa wa 11 mwaka 2006, na misimu yake ya kwanza Orlando aliikalia zaidi benchi. Kilichombadilisha ni kujifunza kukaba vya kutosha, siyo vizuri sana, vya kutosha tu. Alicheza misimu 15. Duncan Robinson alianzia chuo cha daraja la tatu, akahamia Michigan, hakuchaguliwa mwaka 2018, lakini ana urefu wa mita 2.01 na hurusha mpira mara tu unapomfikia. Msimu wa 2019–20 alifungia Miami mitupo 270 ya pointi tatu, na mwaka 2021 akapewa mkataba wa dola milioni 90. Mwaka mmoja baadaye, kwenye mechi za mtoano, alikuwa benchi sehemu kubwa ya muda. Mbu walikuwa wamelipata tundu.

Watanzania tuna sababu yetu ya kuikumbuka hadithi hii. Drafti ya 2009, Hasheem Thabeet wa Dar es Salaam, mita 2.21, alichaguliwa wa pili na Memphis. Nafasi tano chini yake alikuwepo kijana wa Davidson ambaye msimu wa 2007–08 alifunga mitupo 162 ya pointi tatu, rekodi ya msimu mmoja ya vyuo. Walisema ni mdogo wa mwili na hatamkaba mtu. Aliitwa Stephen Curry. Wakati huo mtu mrefu wa kuzuia chini ya ringi ndiye aliyekuwa dhahabu, na timu ya NBA ilitupa mitupo ya pointi tatu kama 18 kwa mechi. Msimu wa 2023–24 ilikuwa kama 35. Kazi ya Thabeet ilikwama kwa mambo mengi, siwezi kuyabebesha yote kwenye mtupo huu, ila mtu mrefu anayevutwa atoke chini ya ringi kumfuata mtupaji naye hugeuka tundu. Na Curry, kabla ya kuondoka Davidson, alihamishwa msimu wake wa mwisho akawa mchezesha timu. Alipofika NBA mpira ulikuwa mikononi mwake, hakusubiri kona apewe.

Waliokuja nyuma yake walikuta soko limebadilika kwa namna ambayo mimi na rehani yangu hatukuitarajia. Pointi tatu zilipopanda bei, kila mtu alijifunza kuzitupa, warefu wakiwemo. Mwaka 2023, mwaka wa Davis na mitupo yake 588, majina 58 yalisomwa. La kwanza lilikuwa la Victor Wembanyama, Mfaransa wa zaidi ya mita 2.20, anayekaba kila mtu, na ambaye hutupa kutoka nyuma ya mstari bila kuomba ruhusa.