Uoksidishaji wa Asidi za Mafuta na Jeni ya ACADM: Maswali na Majibu

Uoksidishaji wa asidi za mafuta ni nini?

Ni njia ambayo seli huitumia kuvunja mafuta ili kupata nishati, hasa mtu anapokaa saa nyingi bila kula na akiba ya glikojeni (sukari iliyohifadhiwa) katika ini ikapungua. Asidi zenye mnyororo mrefu wa kaboni huingizwa ndani ya mitokondria, sehemu za seli zinazozalisha nishati, kwa msaada wa kanitini, molekuli inayozibeba, na humo kila mzunguko wa hatua 4 hukata kaboni 2. Asidi ya palmitiki, yenye kaboni 16, hupitia mizunguko 7.

Jeni zinahusikaje?

Hatua ya kwanza ya mzunguko hufanywa na vimeng'enya (protini zinazoharakisha mabadiliko ya kemikali) vinavyogawana kazi kwa urefu wa mnyororo: cha jeni ya ACADVL hushika mirefu, cha ACADM, iliyo kwenye kromosomu 1, hushika ya kati, na cha ACADS hushika mifupi.

Hitilafu ya ACADM humdhuruje mtoto?

Huugua aliyerithi nakala mbovu kutoka kwa baba na mama pia. Wazazi wenyewe, wenye nakala mbovu moja moja, huwa wazima, na kila ujauzito wao una uwezekano wa 25% wa kupata mtoto mgonjwa. Maadamu anakula vizuri, mtoto huyo hatofautiani na wenzake, na hapo ndipo ilipo hatari ya ugonjwa huu. Akipata homa au kutapika na kukosa chakula, glukosi hushuka, mafuta hayavunjwi hadi mwisho, na ini hushindwa kutengeneza ketoni, nishati mbadala inayotokana na mafuta, za kutosha kuulisha ubongo. Hulegea, husinzia kupita kiasi, hupata degedege, na asipowahiwa hufa. Sukari ya chini isiyoambatana na ongezeko la ketoni ni ishara ambayo daktari hapaswi kuipuuza.

Hugunduliwa na kutibiwaje?

Tone la damu ya kisigino cha mtoto mchanga hupimwa kiwango cha oktanoilikanitini (asidi ya mafuta ya mnyororo wa kati iliyoungana na kanitini), ambayo hulimbikizana kimeng'enya kinapokosekana. Kipimo cha jeni huthibitisha. Matibabu yenyewe ni kutomwacha mtoto akae na njaa kwa muda mrefu, na kumwahisha hospitali apewe glukosi kwa mshipa anaposhindwa kula. Mafuta maalumu ya mnyororo wa kati, ambayo huwafaa wagonjwa wenye hitilafu ya ACADVL, hayamfai huyu, kwa kuwa mnyororo huo ndio asioweza kuuvunja.